Kipima Pengo

Tangu winchi isiyo na dereva imwangukie mumewe Makame bandarini, Bi Mwanakombo aliishi na kipima pengo ukutani. Sheria ilikuwa wazi: fidia ya marehemu hukadiriwa kwa upweke aliouacha nyumbani, na kila kicheko huupunguza. Kama kipima kingesoma sifuri kabla ya siku mia moja kutimia, mahakama ingetangaza kwamba kifo cha Makame hakikumpunguzia mtu kitu, na kampuni yenye winchi haina hatia.

Zilikuwa zimebaki siku mbili jirani yake Riziki alipobisha.

"Hodi, shoga yangu! Nimefuata bakuli langu la mbaazi, au nalo limekaa eda?"

Bi Mwanakombo aliuma upindo wa kanga asicheke. Bakuli lilikuwa mezani, safi na tupu, na chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Akimfungulia, wangepika pamoja kama zamani, na Riziki angemwigiza Makame alivyokuwa akiimba kama bata.

"Nimelala," alisema.

"Haya, mwenzangu. Likae tu."

Kandambili zikashuka ngazi polepole. Kesho yake hakubisha mtu.

Siku ya mia, kipima kilisema kwa adabu, "Hongera, Bi Mwanakombo. Pengo limeongezeka. Umeshinda."

Alipika mbaazi kwa tui zito, akalijaza bakuli pomoni, akashuka ngazi, akavuka ujia, akapiga hodi mara tatu.

"Nimelala," sauti ya Riziki ikajibu.