Gofu la Bi Mashavu

Kila masika, watu wa bondeni hung'oa milango yao na kuificha darini, maana mto ukifurika huanza kula mbao. Mwaka huu Bi Mashavu alijifanya hodari, akang'oa wake kabla ya wenzake. Siku ya pili maafisa wakapita wakiandika namba milangoni: mwenye namba atahamishiwa mlimani, apewe kiwanja. Kwake hawakuona mlango, wakaandika "gofu".

Sasa lori la kuhamisha watu linanguruma, naye yuko mbele ya karani, mlango kichwani.

"Mwanangu, mlango huu hapa. Andika."

"Mama, orodha imeshafungwa."

"Kwani miaka arobaini nimeishi wapi, tumboni mwa kenge?"

Waliopanda lorini wakacheka. Karani naye akacheka, kisha akapandisha kioo cha lori.

"Shoga, panda, utakaa kwangu," jirani yake, Riziki, akamwita.

"Nikae kwako kama nani?"

Lori likaondoka. Bi Mashavu akarudi nyumbani, akaupachika mlango kwenye bawaba zake, akaingia, akatia komeo. Maji yakapita chini ya mlango bila kupiga hodi.