Utepe wa Mkononi

Sheria ya kliniki ilikuwa tukufu: mjamzito ambaye utepe wa kupimia unene wa mkono ulimwonyesha nyekundu alipewa unga, na ambaye ulimwonyesha njano alipewa hongera.

Siwatu, mwenye mimba ya miezi minane, alipata njano.

"Hongera, mama, umenenepa!"

"Nesi wangu, tangu juzi nimekula embe bichi moja tu. Hebu kaza kidogo."

Nesi alichungulia mlangoni, akakaza mpaka nyekundu ikatokea. Siwatu akaenda zake na unga kichwani, kandambili mkononi, maana miguu iliyovimba haikuziingia tena.

Uji ulipochemka nyumbani, alitazama mkono wake, uliovimba kama miguu. Alama ya utepe ilikuwa bado imebonyea, kama kidole kilichosahauliwa kwenye unga uliokandwa.