Mwezi Nyuma ya Ghorofa

Mwajabu, ambaye mtaa wetu wa Kiwalani humtegemea kuutazama mwezi wa Idi, aliinua simu upande wa magharibi na programu ya nyota ikamwonyesha mwezi mwembamba. Kwa macho aliona ghorofa tu, lile walilolisimika juu ya uwanja wetu mwaka elfu mbili na tisa bila hata kutuuliza.

"Bi Mwajabu, vipi? Kesho tunakula au tunafunga?" waliuliza majirani waliomzunguka.

"Umeandama!"

Vigelegele vikalipuka. Aliishusha simu kidogo, ikaelekea msingi wa ghorofa, na kwenye kioo akaliona jua lililokwisha kuzama, linawaka chini ya ardhi.

Kumbe kitu hiki huonyesha hata vilivyozama? Akairudisha ghorofani. Mwezi ulikuwepo, lakini ulikuwa bado juu nyuma ya ghorofa, au nao umeshazama?

"Sema wallahi umeuona kwa macho yako," alisema imamu aliyesimama kando yake.

Nyumba ya jirani walishaanza kukaanga vitunguu vya pilau. Mwajabu aliitazama simu, akafungua kinywa.