Nusu ya Vumbi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kompyuta iliwaua Mwanahawa na wenzake watatu kwa mara ya kumi na tisa. Vumbi la Mwezi lilificha ardhi, chombo cha kwenye skrini kikapinduka. Kwa desturi ya chumba cha mazoezi, kila aliyekufa alikipindua kikombe chake cha chai kifudifudi.

“Punguza vumbi hadi nusu,” Mkurugenzi Ngoda alimwambia fundi wa kompyuta. “Wageni waje waone tukitua salama.”

“Na la kule juu utalipunguza?” aliuliza Mwanahawa, rubani wa safari yenyewe.

“Dada, utani uache. Kiti chako kina watu wanaokisubiri.”

“Waambie waje na vikombe.”

Fundi alicheka, kisha akaandika nusu.

Saa tano wageni waliketi, vikombe vikajazwa upya. Mbele ya macho yao Mwanahawa alifuta nusu ile, akarudisha kipimo kamili, akabonyeza kitufe cha kuanza. Ngoda alimwita kwa jina mara mbili. Dakika ya sita skrini iligeuka nyekundu.

Mwanahawa alikipindua kikombe chake kikiwa kimejaa. Chai ilitambaa mezani hadi kwenye karatasi za hotuba ya Ngoda. Rubani msaidizi naye akakishika chake.