Uji wa Ukwaju

Tangu alipougua, Bi Mashavu hakumtania mjukuu wake hata mara moja. Zamani alimwita Shaibu "mume wangu", na akichelewa kurudi kutoka kazini, alimnunia mpaka abembelezwe.

Asubuhi hiyo sukari ilikuwa imekwisha. Shaibu alikoroga uji kwa ukwaju wa jirani, akamwegemeza bibi kifuani, akamnywesha.

Bi Mashavu akameza, akakunja uso.

"Mume gani wewe? Uji mchachu hivi! Nipe talaka yangu nirudi kwetu."

Shaibu akaangua kicheko, kijiko mkononi.

"Kuna nini huko?" jirani aliuliza nyuma ya ukuta wa mabati.

"Bibi anadai talaka!"

Kigelegele kikapasuka, kikapokewa chumba hadi chumba. Bi Mashavu alikwishafungua kinywa, anangoja kijiko cha pili.