Mahindi ya Siku Tisa

Mwalimu alituuliza kwa nini yule mama wa kwenye riwaya tunayosoma darasani alinyamaza alipoonewa. Niliandika ukurasa mzima kwamba ni mwoga.

Jumamosi, mnunuzi wa mahindi kutoka mji wa Kwanza alifika kwetu. Alitoa punje moja guniani, akaiuma, akaitema.

"Haya bado yana maji, mama. Anika tena."

Tulikuwa tumeyaanika siku tisa. Nikangoja mama amjibu.

Mama aliinama polepole, mkono kiunoni. Akaokota ile punje iliyoumwa, akaipangusa kwa leso, akairudisha guniani. Pikipiki ya mnunuzi ikaondoka.

"Nangila, nyoosha turubai," akasema. "Na ile homuwaki ya riwaya, si ulisema umemaliza?"

Niliitazama leso yake, yenye alama ya mate.

"Bado, mama."