Tangazo la Majaribio

Zawena alikuwa fundi pekee wa tovuti ya redio ya mji. Mchana ule alikuwa akijaribu huduma aliyoitengeneza, ya kupeleka matangazo ya tovuti kwenye simu za wasikilizaji na kurudisha majibu yao. Kila jaribio aliandika maneno yale yale: "Kuna mtu hapo?" Wiki nzima seva ya majaribio ilimjibu kwa namba tupu.

Safari hii alipobonyeza, simu ililia dukani chini ya dirisha lake. Ikafuata ya fundi cherehani ng'ambo ya barabara, kisha nyingine, milio ikateremka na mtaa mzima. Akatazama skrini. Alikuwa ameweka anwani ya seva halisi, ile inayofikia simu za wasikilizaji wote.

Meneja akapiga simu. "Zawena, umefanya nini? Lifute sasa hivi!"

"Nalifuta, bosi. Samahani."

Kabla hajafuta, jibu likaingia: "Nipo. Tangu mzee wangu afariki, hakuna aliyeniuliza hivyo."

Likaingia la pili: "Nipo." Kisha la tatu.

Meneja akapiga tena. Zawena akailaza simu kifudifudi, akaandika: "Na mimi nipo."

Akabonyeza, akaenda dirishani kutega sikio.